Breka ya Alteneta Inayoruka Angani: Hitilafu Itafutwe Wapi

Swali: Mimi ni msaidizi wa fundi wa ndege hapa Kigoma. Tunatunza ndege ya injini moja na viti sita, iliyotengenezwa miaka ya sabini, yenye mfumo wa umeme wa volti 28. Siku hizi breka ndogo ya fildi ya alteneta (umeme mdogo unaoiwezesha alteneta kuzalisha), ya ampea 5, huruka ndege ikishakaa angani kama dakika ishirini, na taa ya volti pungufu huwaka. Rubani huibonyeza ikarudi, na mara nyingine hukaa hadi tutue. Katika safari moja ya kutoka Mahale abiria wa kiti cha mbele alisema amesikia harufu ya kitu kinachoungua, lakini haikurudi tena. Fundi umeme wa magari hapa mjini ametushauri tuweke breka ya ampea 10. Fundi wetu mwenye leseni yuko Dar es Salaam na hatafika mara moja. Nianzie wapi, na kipi nisikiguse?

Jibu: Ndugu yangu, naanza na harufu, ingawa wewe umeitaja kama jambo la pembeni. Breka inayoruka peke yake ni hitilafu ya kutafutwa kwa utaratibu. Breka inayoruka katika ndege ambayo imewahi kutoa harufu ya kuungua ni sababu tosha ya kuiacha ndege hiyo chini hadi chanzo kijulikane, hata kama harufu haijarudi na hata kama kuna watu wanasubiri kupelekwa Mahale kesho asubuhi. Harufu ya umeme haiishi kwa sababu hitilafu imepona. Huisha kwa sababu kilichokuwa kinaungua kimekosa umeme kwa muda, au kimekwisha kuungua.

Kuna ajali moja ambayo kila anayefungua dashibodi ya ndege ndogo anapaswa kuijua. Mwezi Julai 2007, huko Sanford, Florida, ndege aina ya Cessna 310R ilishika moto angani na kuangukia nyumba za watu. Waliokufa walikuwa watano: wawili waliokuwa ndani ya ndege na watatu waliokuwa ardhini. Siku moja kabla, rubani mwingine aliyekuwa akiirusha ndege hiyohiyo aliona rada ya hali ya hewa ikizimika huku harufu ya kuungua ikisikika. Akaizima rada, akaivuta breka yake, harufu ikaisha, na alipotua akaandika hitilafu hiyo kama inavyotakiwa. Hakuna aliyeitengeneza. Kesho yake ndege iliruhusiwa kuruka, na bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri iliweka lawama kwenye uamuzi huo wa kuirusha ndege ikiwa na hitilafu inayojulikana ambayo haijatatuliwa. Baada ya ajali hiyo, mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa ushauri kwamba breka iliyoruka angani isirudishwe, isipokuwa kifaa chake ni cha lazima kwa usalama wa safari hiyo, na hata hapo irudishwe mara moja tu, baada ya kuachwa ipoe. Rubani wenu kwa kuibonyeza kila inaporuka amekwisha kuuvuka mpaka huo.

Sasa tuje kwenye ushauri wa breka ya ampea 10. Simdharau fundi wa magari. Wengi wao wana mkono mzuri kuliko baadhi yetu. Ila katika hili amekosea, na kosa lake linatokana na dhana iliyoenea kwamba breka ipo kwa ajili ya kukilinda kifaa. Breka hulinda waya. Ukubwa wake huchaguliwa ili ikate umeme kabla waya ulio nyuma yake haujapata joto la kuyeyusha ganda. Katika majedwali tunayotumia, waya wa shaba wa geji 22 hulindwa kwa breka isiyozidi ampea 5, na ule wa geji 20 kwa isiyozidi ampea 7.5. Ukiweka ya ampea 10 kwenye nyaya hizo, utakuwa umeugeuza waya wenyewe kuwa fyuzi, na waya huo umepita katikati ya kifungu kimoja na nyaya za taa, za redio na za pampu ya mafuta. Breka itaacha kuruka, ni kweli. Kitakachokatika mahali pake hutakiona mpaka moshi utokee chini ya dashibodi.

Ili ujue pa kutafuta, fuata umeme wenyewe unavyotembea. Unatoka kwenye basbaa, yaani baa ya metali inayogawa umeme kwa breka, iliyo nyuma ya dashibodi, unapita kwenye hiyo breka ya ampea 5, unaingia upande wa alteneta wa swichi kuu, unakwenda kwenye reguleta inayodhibiti volti za alteneta, na kutoka hapo waya mmoja mwembamba unapenya ukuta wa moto, ule unaotenganisha injini na chumba cha abiria, hadi teminali ya fildi iliyo mgongoni mwa alteneta. Ndani ya alteneta umeme huo unapita kwenye kaboni (brashi) na pete za shaba na kuingia kwenye koili ya rota, sehemu inayozunguka. Njia nzima ni hiyo, na hitilafu yako imo humo. Breka inaporuka, rota inakosa umeme, alteneta inaacha kuzalisha, na tangu dakika hiyo ndege nzima inakula betri.

Vipimo nitakavyovieleza vinahusu kufungua waya, na kufungua waya ni matengenezo. Vifanywe kwa maelekezo ya fundi wenu mwenye leseni, ambaye ndiye atakayekagua na kusaini. Katika kila kipimo kinachotaka mkono wako uwe karibu na pangaboi, ichukulie magneto, kifaa kinachoipa injini cheche bila kutegemea betri, kuwa hai. Waya wa kuzimia magneto ukiwa umekatika, ufunguo unaweza kuwa umezimwa na injini bado ikawaka kwa kuzungushwa kidogo tu.

Kipimo cha kwanza hakihitaji injini. Injini ikiwa imezimwa na baridi, washa pande zote mbili za swichi kuu. Kwa kuwa betri peke yake ina takriban volti 24, reguleta itaona umeme ni mdogo na itapeleka kwenye rota karibu kiasi chote inachoweza. Shoti ya moja kwa moja kwenye waya wa fildi itaifanya breka iruke hapohapo. Isiporuka, mwenzako aukamate waya ule kwa upole, kuanzia ukuta wa moto hadi alteneta, akiutikisa na kuukunja kidogo sehemu baada ya sehemu, huku wewe ukitazama breka. Mara nyingi inaruka waya unapoguswa mahali pamoja mahususi, na hapo kazi ya kutafuta imekwisha.

Kwa maelezo yako, hata hivyo, nahisi kipimo hicho kitapita bila kuonyesha kitu. Dakika ishirini ni muda wa joto. Kitu kinachofanya kazi kikiwa baridi na kushindwa kikishapata moto ni koili, au ni breka yenyewe, au ni waya unaogusana na chuma pale tu injini inapotikisika na kupanuka. Kwa koili kuna kipimo ambacho mafundi wengi hukifanya nusu. Wao hupima ukinzani wa rota asubuhi alteneta ikiwa baridi, wakakuta umo ndani ya kiwango cha mwongozo, wakatangaza ni nzima. Pima mara mbili. Ondoa waya wa fildi kwenye alteneta, pima kati ya teminali hiyo na mwili wa alteneta, au kati ya teminali mbili za fildi kama aina yenu inazo mbili, na uandike namba. Kisha pima tena injini ikiwa imetoka tu kuzimwa baada ya kuendeshwa chini kwa muda wa kutosha. Shaba ikipata joto ukinzani wake hupanda, takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Koili iliyosoma omu 10 ikiwa baridi inapaswa kukaribia omu 12 joto lake likipanda kwa nyuzi 50. Ukikuta ya moto inasoma pungufu ya ile ya baridi, maana yake mizunguko ya koili imeanza kugusana ndani kwa ndani baada ya vanishi yake kulegea. Rota hiyo imekwisha, na itavuta ampea nyingi kila ikipata joto hata ukibadilisha breka mara kumi. Namba zikirukaruka ukiizungusha rota taratibu, tazama kaboni na pete zake kabla hujailaumu koili. Vumbi la kaboni likichanganyika na oili huweza nalo kupitisha umeme mahali pasipostahili.

Breka yenyewe isisahaulike. Hizi hufanya kazi kwa kipande cha metali kinachojipinda kikipata joto. Ya miaka ya sabini iliyorushwa na kurudishwa mara nyingi, ambayo midomo yake imeungua, hujipasha joto yenyewe na huweza kuruka kwa ampea 3. Hata hivyo ibadilishwe baada ya kuhakikisha njia iliyobaki ni salama, na kwa breka ya ukubwa uleule na aina iliyoidhinishwa. Wanaoanza kwa kubadilisha breka huwa wanampiga aliyeleta habari.

Kuna hitilafu nyingine ambayo huchanganya watu katika ndege za umri huo, nayo ni swichi kuu iliyochakaa. Katika mifumo mingi ya zamani, reguleta huipima volti ya ndege kupitia waya uleule unaoilisha fildi. Midomo ya swichi ikiwa imeungua na kupoteza volti 1 njiani, basbaa inaweza kuwa na volti 28.5 na reguleta ikaona 27.5, itaamini kwamba umeme hautoshi na kuongeza. Dalili zake ni sindano ya ampea inayocheza, taa zinazopumua, betri inayokauka maji, na mwishowe kinga ya volti kuzidi inayokata alteneta volti zikifika karibu 31.5. Zipo ndege ambamo kinga hiyo hufanya kazi kwa kuirusha breka ya fildi kwa makusudi, kwa hiyo soma mchoro wa umeme wa ndege yenu, wa modeli na namba yake halisi, kabla ya kuamua kwamba breka iliruka kwa sababu ya ampea. Kupima ni rahisi: swichi kuu ikiwa imewashwa, ncha moja ya multimita iwe kwenye basbaa na nyingine kwenye teminali ya reguleta inayopokea umeme. Unachosoma ni volti zinazopotea njiani. Ukisoma sehemu ndogo sana ya volti, ni sawa. Ukisoma nusu volti au zaidi, rudi nyuma hatua kwa hatua, kwanza breka peke yake, kisha swichi peke yake, kisha kila kiungo, mpaka ukikamate kinachoila.

Ukaguzi wa macho unaweza kuuanza leo, kwa tochi na kioo kidogo, betri ikiwa imetenganishwa kwa kuanzia upande hasi. Mahali pa kwanza ni tundu ambalo nyaya hupitia kwenye ukuta wa moto. Pale kuna mpira wa tundu ambao kwa miaka mingi ya joto hukauka, hupasuka na kudondoka, na nyaya zikabaki zimelalia ukingo wa bati. Usitafute waya uliokatika. Tafuta alama ndogo inayong'aa kwenye ganda, nyembamba kama ukucha, na doa jeusi kwenye bati linaloikabili. Kisha fuata kifungu hadi kwenye alteneta ukitazama kila kibano. Waya uliofungwa vizuri, ukiusukuma kwa mkono katikati ya vibano viwili, haupaswi kushuka zaidi ya nusu inchi. Nyaya zinazokwenda sambamba na bomba la petroli ziwe juu yake au usawa wake, kwa umbali wa inchi 6 inapowezekana. Pasipowezekana, vyote viwili vibanwe kwenye kiunzi kimoja ili visisuguane, kwa maana cheche ya waya ina uwezo wa kutoboa bomba la metali na papo hapo kuyawasha mafuta yanayotoka humo.

Harufu ile pia huenda haihusiani kabisa na fildi. Kwa hiyo kagua waya mnene unaotoka kwenye alteneta kuja kwenye breka kubwa ya dashibodi: vichwa vyake vikiwa vimebadilika rangi kuwa vya zambarau au kahawia, au ganda limekunjamana karibu na nati, hapo pamekuwa pakichemka. Katika mfumo wa volti 28, waya unaobeba mzigo muda wote usipoteze zaidi ya volti 1 kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkanda wa erthi unaounganisha injini na mwili wa ndege nao uangaliwe. Ukiwa umekatika, ampea za starta hutafuta njia nyingine ya kurudi, na nyingine hupita kwenye kebo ya kudhibiti mafuta ya injini na mabomba madogo ya metali, ambayo hayakuumbwa kwa kazi hiyo. Kiungo cha erthi kilichosafishwa na kukazwa vizuri hakizidi omu 0.003, kipimo ambacho multimita ya kawaida haiwezi kukisoma kwa uhakika, kwa hiyo mwombe fundi wenu aje na kifaa chake.

Hali ya kwenu inaongeza mambo mawili ambayo vitabu vya watengenezaji havina nafasi nayo. Ndege iliyolala nje Kigoma hupata unyevu wa ziwa usiku, na viungo vya chini ya dashibodi hushika kutu ya kijani hata kama havijamwagikiwa maji. Wenzenu wa Tabora wana vumbi la kiangazi linaloingia kwenye swichi na kaboni. Kote kuwili wapo mavu wanaojenga kwa udongo ndani ya tundu lolote, likiwemo bomba la kupumulia sanduku la betri. Bomba hilo likizibwa, haidrojeni inayotolewa na betri inayochajiwa kupita kiasi haina pa kwenda, na tindikali inayofurika hubaki ndani ikila bati. Puliza bomba hilo kila ukaguzi. Panya sina haja ya kukueleza. Ukiona vinyesi chini ya zulia, fungua hadi mwisho.

Mtakapofika kwenye kutengeneza, waya wa gari usiingie kwenye ndege hiyo. Ganda lake la plastiki ya PVC likiungua hutoa moshi mzito wenye sumu, ilhali waya wa ndege wa sasa wenye ganda la aina ya Tefzel huvumilia nyuzi 150 na hauendelezi moto kirahisi. Vichwa vya waya vibanwe kwa koleo maalumu lisiloachia mpaka mbano ukamilike, si kwa pulaizi. Kipande kimoja cha waya kati ya viungo viwili kisiwe na maungio zaidi ya moja, na teminali moja ya skrubu isibebeshwe vichwa zaidi ya vinne. Tepu nyeusi ya madukani iacheni kabisa, maana gundi yake huyeyuka kwa joto la injini na kuwaachia mahali penye waya wazi palipojaa vumbi.

Kuhusu mipaka yako: kukagua kwa macho, kusafisha, kupiga picha, kusoma volti na kuandika ulichokiona ni kazi unayoweza kuifanya sasa. Kubadilisha alteneta, breka, swichi au waya, na kuirejesha ndege kazini, ni saini ya mwenye leseni iliyotolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Hitilafu na ile harufu viandikwe kwenye kitabu cha ndege leo, kwa tarehe na maneno yaliyo wazi. Kama rubani hakuandika, mwombe aandike, na akikataa, mwandikie fundi wenu barua yenye tarehe. Breka ivutwe na ifungwe kibandiko kinachoeleza kwamba isirudishwe.

Rubani naye aambiwe jambo moja ambalo marubani husahau. Alteneta ikifa angani, injini yake haifi, kwa sababu magneto zinajitegemea. Kwa hiyo hana sababu ya kung'ang'ania breka kana kwamba ataanguka. Anachopaswa kufanya ni kuzima vitu visivyo vya lazima, kubaki na redio moja na kutua uwanja wa karibu unaofaa, akikumbuka kwamba kama flapu zake ni za umeme huenda zisishuke, na kutua bila flapu kunahitaji njia ndefu, ambayo Kigoma ipo na kwenye viwanja vifupi vya kando ya ziwa haipo. Akisikia harufu au kuona moshi, afuate orodha ya dharura ya ndege yake, ambayo kwa kawaida huanza kwa kuzima swichi kuu.

Kabla fundi wenu hajaondoka Dar es Salaam, mtumie picha za tundu la ukuta wa moto, za mgongo wa alteneta na za vichwa vya waya mnene, pamoja na namba za kifaa zilizopigwa kwenye alteneta, reguleta, swichi kuu na breka. Mweleze pia breka iliruka lini, ndege ikiwa angani kwa muda gani, na vifaa gani vilikuwa vimewashwa. Akiwa na hayo atajua abebe rota, swichi au waya tu, na hatalazimika kurudi mjini kufuata kifaa ambacho Kigoma hakiuzwi.